Nyangumi wa kusi, barafu ya mbali na uduvi wake: maswali mnayoniuliza kila mwaka

Kusi likishakolea na nyangumi wakianza kuonekana huku Kizimkazi, simu yangu hailali. Wananiuliza wanafunzi, wananiuliza wazee pale diko, vijana wa boti za wageni, kina mama wanaotoka mwanini, hata shemeji yangu yuko Wete anatuma sauti usiku WhatsApp anataka kujua dubu wa barafu wanakufa kweli au ni maneno ya televisheni tu. Maswali ni yale yale kwaiyo nimeyaandika pahala pamoja na majibu yake, mtu akiniuliza namtumia hii. Mimi nasomesha sayansi skuli moja ya mkoa wa Kusini, na kwetu ni wavuvi toka kwa babu, na hili jambo linaniuma kweli, kwaiyo pahala pengine nitarefusha mtanisamehe.

Mwalimu, barafu ya huko Antaktika inatuhusu nini sie watu wa Unguja?

Inatuhusu kupitia nyangumi. Yule nyangumi wa nundu tunaemuona hapa toka Julai mpaka kwenye Oktoba, yule anaeruka akajibwaga maji yakatawanyika, huku hakufuata chakula, kaja kupandana na kuzaa tu. Jiko lake liko kusini kabisa kwenye bahari inayozunguka Antaktika, zaidi ya kilomita 5,000 kwenda tu bado kurudi, na akiba yote anayokuja nayo, yale mafuta ya chini ya ngozi, kaikusanya kule kwenye miezi yao ya joto, wakati sie huku tuko kwenye kaskazi. Kule chakula kikiwa haba, huku tunaletewa mama mwembamba.

Mwaka jana mwezi wa nane nilitoka na ami yangu alfajiri, bahari imelala, si kawaida ya kusi. Injini tumeizima maana petroli tunaionea uchungu. Tukasikia pumzi kabla hatujaona kitu, phuuu, kama mtu kafungua upepo wa gurudumu la lori, halafu ukungu ukatupiga usoni una shombo kali la samaki wa juzi. Mama na mtoto. Mtoto urefu kama wa ngalawa ndogo, kajiegemeza kwenye ubavu wa mama ili apumzike. Ami akamtazama yule mama muda mrefu akasema "huyu kakonda, tazama hapo nyuma ya kichwa pamebonyea". Ami hajasoma kitabu hata kimoja cha nyangumi lakini ndo hivo hivo wataalamu wanavofanya, wanatazama pale nyuma ya tundu la pumzi kama pamejaa au pameingia ndani. Mimi toka siku ile sijaweza kuizungumza barafu kama kitu cha mbali.

Akiwa huku anakula nini basi?

Karibu hali kitu. Anaishi kwa mafuta yake mwenyewe miezi kadhaa, na mama aliezaa anayageuza yale mafuta kuwa maziwa mazito ya kumnyonyesha mtoto aliezaliwa na urefu wa mita 4 hivi. Kwaiyo jahazi linaondoka bandarini na tangi limejaa na njiani hakuna pa kuongeza, kama lilijazwa nusu ndo hiyo nusu.

Hao krili wanaotajwa ndo nini? Ni kamba?

Wako ukoo mmoja na kamba kwa mbali, lakini ukitaka kuwafahamu haraka fikiria uduvi. Ule uduvi tunaokaanga na nazi au tunaouanika kwenye jamvi, sasa ufanye mkubwa kidogo, sentimita 6 hivi, mwekundu kiasi mwili unapenya mwanga, anaishi mpaka miaka 5 au 6. Wanatembea makundi makubwa mno, katika mita moja ya ujazo wa maji wanaweza kupatikana maelfu kwa maelfu. Kule kusini karibu kila mtu anamla yeye: nyangumi, pengwini, sili (yule mnyama wa baharini anaepanda juu ya barafu kupumzika), samaki, ngisi, ndege. Kuna sili anaitwa mla kaa kwa lugha za watu lakini kaa hali kabisa, anakula krili, meno yake yametoboka toboka kama chujio la tui, anavuta maji na krili kisha anayakamua maji yatoke.

Sasa barafu inaingiaje hapa? Watu wengi wanadhani barafu ya baharini ni jangwa jeupe tu, wanaikosea sana. Mmeona yale mapande ya barafu yanayoletwa diko kwa ajili ya jodari, ukiligeuza juu chini unakuta chini yake pana vijitundu na utelezi na uchafu umeganda. Barafu ya kule ndo hivo, ukiweza kuigeuza utakuta upande wa chini umepaka rangi ya kahawia na kijani, ile ni mimea midogo sana ya baharini imejishika kwenye vijitundu vya chumvi. Hilo ndo shamba. Wakati wa baridi, kiza, majini hakuna kitu, watoto wa krili wanapita chini ya dari la barafu wanaparuza ile mimea kama mbuzi anaeparuza majani ukutani. Na zile nyufa na mapango ya barafu ndo maficho yao. Ondoa dari, umeondoa chakula na nyumba kwa wakati mmoja.

Na joto likizidi krili inakuwaje?

Watoto wao wa mwaka ule wanakuwa wachache. Krili mkubwa ni mvumilivu, akikosa chakula anaweza hata kusinyaa mwili akawa mdogo kuliko alivyokuwa, lakini mtoto hana akiba hiyo, kwaiyo baridi moja bila barafu ya kutosha athari yake unaiona mwaka unaofuata na wa pili yake. Pahala palipopimwa zaidi ni rasi ya Antaktika upande wa magharibi, ule mkono unaonyooka kuelekea Amerika ya Kusini, pale hewa ilipanda joto kama digrii 3 ndani ya miaka 50 ya mwisho ya karne iliyopita, na barafu ya baridi ikawa inachelewa kuja na inawahi kuondoka. Kwenye sehemu ile ya Atlantiki ya kusini, ambayo ndo ilikuwa na krili wengi kuliko pengine kote, wamekuwa wakipungua upande wa kaskazini na kundi kubwa limesogea kusini kufuata baridi. Na pahala walipotoka anaingia mdudu mwengine anaitwa salpa, kidude cha maji maji kinachopenya mwanga, ukimla tumbo linajaa lakini nguvu hakuna.

Sie tunalijua jambo hili kwa mlango mwengine. Waulizeni kina mama wa Paje na Jambiani ule mwani mnene, kotonii, ulikuwa unaota wapi miaka ya nyuma na sasa uko wapi. Maji ya ufukweni yakawa moto, mwani ukawa mweupe unakatika mkononi, wakabaki na ule mwembamba ambao bei yake haifiki popote. Hakuna alieung'oa. Joto la maji tu.

Dubu mweupe anakula pengwini?

Hapana, hawajawahi kuonana. Dubu yuko Ncha ya Kaskazini, pengwini wako nusu ya kusini ya dunia. Zile picha wamewekwa pamoja ni za kuchora.

Kwa nini dubu asihame tu akale vitu vya nchi kavu? Mnyama mkubwa vile atakosa kweli?

Hili swali naulizwa na watu wazima zaidi kuliko watoto. Dubu wa barafu ni mvuvi wa sili, na hasa sili mdogo mwenye alama za duara mgongoni. Uvuvi wake ni wa subira: sili anatoboa tundu kwenye barafu ili apumue, dubu anakaa juu ya tundu lile saa nyingi hatikisiki, au anasikiliza watoto wa sili waliofichwa kwenye pango la theluji kisha anavunja dari kwa miguu ya mbele. Barafu ndo ngalawa yake, na ndo dema lake. Majini peke yake hamuwezi sili, sili ana kasi kuliko yeye.

Anachokitaka pale ni mafuta ya sili. Matunda pori, mayai ya ndege, majani, vyote anakula akiwa na njaa lakini havimtoshi. Kwenye Ghuba ya Hudson kule Kanada, upande wa magharibi, watafiti waliwafuatilia dubu 20 kwa wiki tatu tatu wakiwa nchi kavu kwenye kiangazi, kati ya 2019 na 2022, wakawavalisha kamera shingoni, na 19 kati yao walipungua uzito, wastani kilo moja kwa siku. Wapo waliolala tu ili wasitumie nguvu na wapo waliohangaika kutafuta, na waliohangaika hawakupata faida kuliko waliolala. Mimi hapo ndo napata uchungu, mnyama kafanya kila alichoweza na bado mizani inashuka.

Ghuba ile saivi inakaa bila barafu wiki tatu mpaka nne zaidi kuliko miaka ya 1980. Hesabu ya dubu wa upande ule ilikuwa 842 mwaka 2016, ilipofika 2021 wakahesabiwa 618, na inawezekana baadhi walisogea upande wa jirani lakini mwendo wa miaka mingi ni kushuka. Dunia nzima wanakisiwa kama 26,000, na si makundi yote yana hali moja, yapo ambayo bado yako vizuri kwa sababu barafu yao haijaondoka.

Huko kaskazini nako kuna krili?

Wapo lakini sio wenye mji. Mwenye mji kule ni samaki mdogo, chewa wa ncha, ukubwa wake kama kibua tu, na damu yake ina kitu kinachozuia isigande. Mayai yake yanaelea chini ya barafu, watoto wake wanajificha kwenye nyufa. Sili anamla, nyangumi mweupe anamla, nyangumi wa pembe anamla, ndege wanamla, halafu dubu anamla sili. Na chewa mwenyewe anakula vidudu vidogo vilivyojaa mafuta, kopepoda, kama punje ya mchele. Maji yakipata joto wanaingia kopepoda wa kutoka Atlantiki, wadogo na mafuta yao machache, na nyuma yao wanaingia samaki wakubwa wa kusini kule Bahari ya Barents, chewa wa kawaida yule wanaemvua Norwei, wanamla yule mdogo na wanamnyang'anya chakula. Mvuvi anaelewa haraka: bahari bado ina samaki lakini sio wale ambao wenyeji wa pale wameumbwa kuwala.

Pengwini si anaogelea? Barafu ikivunjika ana hasara gani?

Mkubwa anaogelea, mtoto hawezi. Pengwini kaizari wa Antaktika (emperor), yule mrefu kuliko wote, hazalii nchi kavu, anazalia juu ya barafu ya bahari iliyoshikamana na pwani, katikati ya baridi. Jike anataga yai moja, anamkabidhi dume, anakwenda zake baharini kula. Dume analiweka yai juu ya miguu analifunika na ngozi ya tumbo, anasimama karibu siku 65 kwenye upepo na kiza, na ukichanganya na siku za kuchumbiana kabla yake anakaa kama miezi minne hajatia kitu mdomoni. Jike akirudi ndo anampokea. Mtoto anakuwa na manyoya laini ya kijivu, mazuri kwa baridi lakini yakiingia maji yanalowa kama sufi. Manyoya ya kuogelea yanakamilika kwenye Disemba, Januari. Barafu ikivunjika Novemba, watoto wanaingia majini wakiwa na yale ya kijivu. Wanakufa wote.

Na hii imetokea kweli. Koloni, yaani kundi la kuzalia, la Halley Bay huko Antaktika, lililokuwa la pili kwa ukubwa duniani, lilipoteza watoto miaka mitatu mfululizo kuanzia 2016. Mwaka 2022 kwenye bahari ya Bellingshausen, huko huko Antaktika, kati ya makoloni matano, manne hayakupata mtoto hata mmoja, watafiti waliona kwenye picha za satelaiti barafu imeondoka kabla ya wakati. Huwa nawaambia wanafunzi wangu mfikirie yule baba aliesimama miezi minne.

Pengwini wengine wana mitihani yao. Adeli wa ile rasi ya magharibi wamepungua sana tokea miaka ya 1970, krili wamewaondokea na theluji zinaanguka zaidi kisha zinayeyuka zinazamisha mayai. Wale wenye mstari chini ya kidevu, kwenye kisiwa cha Elephant, walipohesabiwa 2020 walikuwa pungufu ya nusu ya wale wa 1971.

Hakuna hata mmoja anaefaidika?

Wapo, kwa sasa. Pengwini wa aina ya jentuu hachagui, anakula samaki na krili na akikosa kiota mwaka huu anajaribu tena, huyo anaongezeka na anasogea kusini. Nyangumi muuaji anaingia sehemu za Kanada ya kaskazini ambazo zamani barafu ilimzuia, na nyangumi wa pembe wakimsikia wanajikusanya ufukweni kwenye maji mafupi hawaendi kula. Lakini kule kusini lipo kundi jengine la nyangumi wauaji ambalo kazi yao ni kuwinda sili juu ya vipande vya barafu, wanaogelea bega kwa bega wanapiga wimbi kwa pamoja, wimbi linamsomba sili linamtia majini. Uwindaji ule mama anamfundisha mtoto. Vipande vya barafu vikiisha wenyewe itabidi watafute elimu nyengine.

Na walrasi, yule mwenye meno marefu?

Anakula chaza chini ya bahari na anapumzika juu ya barafu kati ya mbizi na mbizi. Barafu ikikimbilia maji marefu anapanda ufukweni. Septemba 2014 huko Point Lay, Alaska, walipanda kama 35,000 ufukwe mmoja. Kikipita kitu cha kuwashtua, ndege au dubu, wanakimbilia majini wote na watoto wanakanyagwa.

Nimeona klipu inasema barafu ya kusini ilikuwa inaongezeka. Kwaiyo si uongo huu?

Sehemu ya ile klipu ni kweli na ndo maana inapoteza watu. Barafu ya bahari ya kusini iliongezeka kidogo kidogo mpaka 2014, mwaka ule ilipita kilomita za mraba milioni 20 kwenye baridi. Baada ya hapo ikaanguka. Februari 2023 ilibaki milioni 1.79, haijawahi kupimwa ndogo vile tokea satelaiti zianze kazi hiyo, na baridi ya mwaka ule ule haikufika hata milioni 17. Kaskazini haikuwa na kupanda huko, imekuwa ikishuka moja kwa moja, Septemba 2012 ilifika milioni 3.4. Na Aktiki, yaani huko kaskazini kwa dubu, inapata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia kwa jumla. Mtu akikutumia klipu mtazame mwaka aliokatia hadithi yake.

Dunia si ilikuwa ikibadilika toka zamani?

Ilikuwa, lakini kwa maelfu ya miaka. Hewa ya kaboni, ile inayoshika joto, ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, saivi imepita 420, kwa sababu ya kuchoma makaa, mafuta na gesi. Mnyama anaezaa mtoto mmoja kwa miaka miwili mitatu hawezi kwenda na mbio hizo.

Barafu hiyo ikiyeyuka si ndo itatumeza sisi visiwa?

Tutenganishe. Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haipandishi maji, weka barafu kwenye gilasi ya juisi utaona. Inayopandisha ni ile ya juu ya nchi kavu, Greenland na Antaktika, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto. Na hilo limeshafika, Pemba yapo mabonde ya mpunga yameingia maji ya chumvi hayalimiki tena.

Ni joto tu au na uvuvi upo?

Upo, na hapa mimi nna msimamo. Krili wanavuliwa na meli kubwa, wanafanywa mafuta ya vidonge na chakula cha samaki wa kufuga. Kuna mkataba wa nchi wa kulinda viumbe vya bahari ile, umeanza kazi 1982, na umeweka kikomo cha tani 620,000 kwa eneo la Atlantiki ya kusini. Mwaka 2025 meli zilifika kikomo kile msimu ukafungwa kabla ya wakati. Watatetea kwamba ni sehemu ndogo ya krili wote na kwa hesabu ni kweli, lakini meli hazivui kote, zinajazana pale pale penye krili wengi, ndo pale pale nyangumi na pengwini wanapokula. Sie tunajua dago moja likijaa madau mia hata bahari iwe pana vipi. Ningependa sehemu zile zifungwe, kama walivyokubaliana 2016 kwa Bahari ya Ross huko huko Antaktika.

Nyangumi wetu hawa wanapungua?

Hawa wa nundu kwa kweli wameongezeka, na ni kwa sababu watu waliacha kuwaua. Karne iliyopita nusu ya kusini ya dunia waliuliwa zaidi ya 200,000 wa aina hii peke yake, mpaka kuwawinda kukapigwa marufuku 1963, na uwindaji wa biashara wa nyangumi kwa jumla ukasimamishwa 1986. Kwaiyo tukiamua tunaweza. Hofu yangu ni kwamba wamerudi na jiko linapungua. Kwenye ile rasi ya Antaktika watafiti waliwapima majike: 2017, baada ya mwaka wa krili haba, waliokuwa na mimba ni 29 kwa mia, na 2020, baada ya mwaka wa neema, 86 kwa mia. Wale si wa kwetu, wanakwenda kuzaa upande wa Amerika, lakini mlo wao ni mmoja. Na karibu yetu zaidi, nyangumi wa kusini (southern right, aina nyengine si hawa wa nundu) wanaozaa Afrika Kusini, mama zao wamekonda kwa karibu robo kulinganisha na miaka ya 1980, na badala ya kuzaa kila miaka mitatu wanakwenda minne mpaka mitano.

Mwalimu mimi nna boti ya wageni, nikimkuta nifanyeje?

Mkaribie kwa ubavuni taratibu, usimkate mbele, usiingie kati ya mama na mtoto, ukifika mita 100 simama injini weka huru, na mgeni asiruke majini hata akikuongezea pesa. Akibadilisha njia mara mbili kukukwepa muache. Kila akikimbia anachoma mafuta ambayo mpaka arudi kusini hayapati tena, na mtoto ananyonya humo humo. Ami saivi akiona mama na mtoto anazima moja kwa moja, anawaambia abiria tusubirini. Wenye watoto ndo wa mwisho kuondoka, kwenye Oktoba hivi, wanapita karibu na mwamba polepole wameelekea Makunduchi, asubuhi mapema maji yakijaa utawasikia kabla hujawaona.